Maisha ya Marehemu Simeoni Ntandu, Aliyeiachia Kengele

Ndugu waombolezaji, marehemu Simeoni Ntandu alikataza kusifiwa uongo siku ya maziko yake. Alisema wafu wote wa hapa Issuna huwa wapole kuanzia siku wanapokufa, naye hakutaka kuwaongezea idadi. Familia imemtii.

Marehemu alizaliwa Mungaa, mwaka ambao wazazi wake waliukumbuka kwa njaa na padre akauandika kuwa 1922. Alichunga mbuzi hadi alipotimiza miaka kumi na miwili, ndipo akaingia shule ya misheni. Alisoma mpaka darasa la tatu. La nne hakulifikia, kwa sababu alimsahihisha mwalimu mbele ya wenzake, na alipoambiwa aombe radhi akaona ni heri arudi kwa mbuzi. Kiburi hicho mtakutana nacho tena humu.

Mwaka 1943 alikwenda Itigi, akaajiriwa kwenye genge la reli. Huko ndiko alikompata Redempta, binti wa mrina asali. Baba mkwe alimuuliza ana nini cha kumtunzia mke. Akajibu kwa kujidai, "Nina mshahara." Mzee akamtazama, akasema, "Nyuki hawana mshahara, na hawajawahi kulala njaa. Lete mbuzi." Alileta. Ndoa ilifungwa tarehe 7 Agosti 1948, na Mungu akawajalia watoto wawili, Martina na Laurian.

Alipoacha kazi mwaka 1959, mnyapara wake alimpa kipande cha reli chakavu, urefu wa hatua moja. Alikipakia juu ya punda kuja nacho Issuna. Punda alilala chini mara tano. Mara ya tano marehemu alikibeba mwenyewe begani, na punda akamfuata nyuma kama mgeni. Chuma kile kilitundikwa mbele ya kanisa, kikawa kengele yetu. Mwaka 1962 marehemu akafanywa katekista.

Alikuwa katekista hodari, na mkali. Hakuna hirizi iliyojificha Issuna asiifuate, iwe chini ya kizingiti au shingoni mwa mtoto. Mwaka 1964 Mama Esta, mjane, alimkabidhi hirizi aliyoachiwa na mama yake. Ilichomwa hadharani huku mwenyewe akilia. Marehemu akamwambia, "Sanamu ya moyoni ndiyo mbaya kuliko zote, Mama. Haionekani, lakini inakula." Alisema kweli. Hakujua tu kwamba anajihubiria mwenyewe.

Maana kengele ile hakumruhusu mtu kuigusa. Aliipiga yeye peke yake: tatu, kimya, tatu, kimya, tatu, kisha mfululizo. Alitufundisha kwamba mlio mwingine wowote si kengele, ni kelele. Akisafiri, nondo ya kupigia aliitia kwenye mkoba akaondoka nayo. Mkewe alimwambia siku moja, "Baba Martina, ningekuwa mimi ndiyo hiyo nondo, saa hizi ningeshafika Dodoma."

Operesheni ya kuhamia vijijini ilipotufikia mwaka 1974, marehemu alihamisha chuma kwanza, vyungu vya mkewe vikafuata. Katika kijiji kipya tulijenga nyumba za nyasi, zimebanana. Mwenyekiti wetu, Ndugu Philipo, alimwendea mara nne kumwomba kengele itumike kwa kijiji kizima.

"Hii imebarikiwa," marehemu alimjibu. "Haiwezi kuita watu kwenye palizi."

"Hata moto ukiwaka, Mzee?"

"Moto ukiwaka niiteni, nitakuja kupiga."

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 1975, saa nane mchana, moto uliwaka. Marehemu alikuwa Mungaa kwa kaka yake, na nondo mkobani. Watu wote wenye nguvu walikuwa shamba la kijiji. Mkewe, Mama Redempta, alikimbilia kengele, akaipiga kwa jiwe, ovyo ovyo, kwa nguvu zake zote. Kule shambani walisikia vizuri kabisa. Wakacheka. "Watoto wanachezea chuma cha katekista. Akirudi watamkoma!" Wakaendelea kulima mpaka walipouona moshi.

Nyumba sita ziliteketea. Mama Redempta aliacha kupiga, akaingia ndani ya nyumba ya Mama Esta, akamtoa hai. Lakini mkono wa kulia wa Mama Esta uliungua, na tangu siku ile haujanyooka.

Marehemu alirudi kesho yake. Alimkuta Mama Esta amekaa kivulini, mkono umefungwa majani. Akamwamkia, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Katekista. Mimi yangu niliichoma uliponiambia. Ya kwako imenichoma mimi."



Jumapili iliyofuata alisimama kanisani, akawaomba watu radhi, akamkabidhi Philipo nondo. Philipo akaenda kupiga papo hapo, kama mtu anayeua nyoka. Marehemu aliketi, mikono ameikalia.

Ingependeza kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Kila asubuhi kengele ilipolia vibaya, mikono ilimwasha. Basi akajitafutia dawa. Saa ya kengele alichukua mzega na madebe mawili akaenda kisimani kumtekea maji Mama Esta, ili mikono iwe na kazi nyingine. Mwanamume mzima, katekista, kwenye foleni ya wanawake! Walimcheka: "Babu, umeolewa lini?" Aliwajibu, "Juzi tu, na mahari bado." Krismasi ya 1976 alishindwa kujizuia, alimnyang'anya mpigaji nondo, akaipiga mpaka jasho likamtoka. Kisha akarudi mbele ya watu kuomba radhi tena, na kesho yake akarudi kisimani.

Kuanzia Juni 1978 aliugua kifua. Alilazwa hospitali mara mbili, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Akiwa kitandani bado alimuuliza mkewe, "Leo nani kapiga?" Halafu akajikamata mwenyewe: "Ona, nimeuliza." Wakacheka wote wawili, hadi kikohozi kikamkatiza.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, kengele ililia. Mama Redempta alimtazama, akisubiri swali. Marehemu hakugeuza hata kichwa. Akasema, "Mama Martina, Mama Esta amepata maji?"

"Amepata. Martina amempelekea."

"Vizuri," akasema. Saa mbili na robo alifariki.

Marehemu ameacha mjane, Mama Redempta, binti yake Martina, mwanawe Laurian, ambaye yuko vitani na habari hizi hazijamfikia, wajukuu watano, na Mama Esta, asiye ndugu wa damu, lakini familia imemweka safu ya mbele.

Bwana ampe Simeoni pumziko la amani, yeye na mikono yake. Amina.