Evasio Gallarone wa Ng'ambo ya Barabara

Padre, jamaa, na ninyi mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, anayewasomea ni mjukuu wa marehemu, Tullio, ila maneno ni ya bibi yake Delfina, mjane, ambaye ameagiza lisiongezwe neno wala lisipunguzwe, hata pale msomaji atakapoona aibu.

Marehemu Evasio Gallarone alizaliwa hapa Montecorvaso tarehe 11 Novemba 1938, sikukuu ya Mtakatifu Martino, siku ambayo kila nyumba ya vilima hivi huonja mvinyo mpya, akiwa mtoto wa pili wa Celso na Marianna, na mama yake alikuwa akisema kwamba alitoka tumboni amekunja uso kama aliyelambishwa siki. Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1944 hadi 1949, akaacha kwa sababu mizabibu ilihitaji mikono, na somo la kuwasikiliza wenzake lilimpita, siku lilipofundishwa alikuwa mgonjwa.

Mwaka 1957, baba yake alipofariki, alirithi shamba la mizabibu lililo ng'ambo ya barabara ya kituo cha treni, akapanda grignolino, zabibu ya mbegu nyingi na rangi haba, isiyopenda kuharakishwa wala kuambiwa, na waliomjua mtu na zabibu yake walisema hao ni ndugu. Tarehe 20 Aprili 1963 alifunga ndoa na Delfina katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Ines mwaka 1965 na Renato mwaka 1968.

Sasa tunafika tarehe 9 Februari 1973, siku ambayo mjane hataki irukwe, maana ndiyo iliyomla mumewe miaka yote iliyobaki. Sheria ilikuwa imeshatoka, kwamba mvinyo utakaobeba jina la Montecorvaso ni ule tu wa ndani ya mpaka, na utakaobaki nje utaitwa mvinyo wa mezani, hautataja zabibu yake, wala mwaka wake, wala kijiji chake, kama mtoto wa kuokotwa, na wakulima wakaitwa kuuchora mpaka wao wenyewe, mkutano ukiwa nyumbani kwa Oreste Morbello. Marehemu na Oreste walikuwa hawasemezani tangu sikukuu ya kijiji, Oreste aliposema mbele ya watu kwamba grignolino ya Evasio ni maji ya kusuuzia pipa. Delfina alimwambia, "Nenda, kaa kimya, nyoosha mkono wakati wa kura, urudi ule," naye akajibu, "Mimi niingie kwa yule? Wakinitaka, kwangu wanapajua," akaketi kula ugali wake wa mahindi, tena akaomba uongezwe. Huko mkutanoni Oreste aliuliza, "Evasio yumo au hayumo?" watu wakatazamana, na kwa kuwa barabara ilikuwa imenyooka na chakula kilikuwa kinapoa, mpaka ukapitishwa barabarani.

Tangu siku hiyo mvinyo wa marehemu uliuzwa kwa madumu, bila jina, kwa bei ya kitu kisicho na kwao, hata mwaka 1990 Renato akaenda Torino kuunganisha magari kiwandani, kwa kuwa mvinyo wa mezani hauwezi kulisha meza mbili. Mwaka 1984 walikuwa wamekuja wataalamu, wakachimba pande zote mbili za barabara, wakasema udongo ni mmoja na mpaka unaweza kusogezwa, mradi wakulima wa ndani wakubali, na Oreste, aliyekuwa mwenyekiti wao, akatuma ujumbe, "Mwambieni aje mwenyewe aniombe, nitatia sahihi kabla hajaketi." Delfina alitoa koti la mumewe kabatini, akalipiga pasi, likakaa kitini siku nzima, jioni akalirudisha kabatini. Ombi likafa, likafufuliwa mwaka 1999, likafa tena kwa shingo ngumu ile ile. Miaka ya karibuni sheria ililegezwa, mwaka ukaruhusiwa kuandikwa kwenye chupa, marehemu akasema, "Tarehe ya kuzaliwa wamenipa, bado mahali."

Mwezi Machi 2016 alianza kusumbuliwa na moyo, na mwezi Septemba akalazwa hospitali ya mkoa, ambako Oreste alikuja kumwona, kofia mkononi, akamwambia, "Ungekuja tu kuniomba, mzee," na marehemu akamjibu, "Na wewe ungekuja tu kuniita," kisha wakabishana kuhusu mvua ya mawe mpaka muuguzi akawanyamazisha, huku Delfina ameketi katikati, akitamani kuvigonganisha vile vichwa viwili. Alifariki Jumapili tarehe 2 Oktoba 2016, saa nne asubuhi, nusu ya zabibu zikiwa bado mtini, jambo ambalo mtu mwingine angelifanya, marehemu angemsema mwaka mzima. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na shamba ambalo Ines anasema atalilima, na kwamba koti lile atalivaa yeye.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliomvunia zabibu alipokuwa kitandani, wakulima wenzake wa pande zote mbili za mpaka, na Oreste Morbello, aliyeomba kubeba jeneza upande wa mbele, naye amekubaliwa, ila aangalie mgongo wake.

Makaburi yetu, kama mjuavyo, yako upande huu wa barabara, ndani ya mpaka. Jiwe la marehemu litaandikwa jina lake, miaka yake, na neno Montecorvaso, na hakuna atakayeulizwa kama amekubali. Pumzika, Evasio, umeshavuka, na imebidi ubebwe.