Orest Hnatiuk na Mti wa Tano

Ndugu waombolezaji, mimi ni Lesia, binti wa marehemu, familia imeniomba nisome haya kwa upole, na upole leo sina, mtaniwia radhi.

Mzee wetu Orest Hnatiuk alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 shambani kwa wazazi wake karibu na Dauphin, Manitoba, akasoma shule ya kijijini hadi mwaka 1956, akafanya kazi ya reli tangu 1959 hadi 1999, na tarehe 20 Mei 1967 akamwoa mama yetu, marehemu Stefania, wakajaliwa mimi mwaka 1969 na mdogo wangu Taras mwaka 1973.

Mwaka 1970 alipanda uani mitufaha mitano ya maua, ile ya matunda madogo makali ambayo Mama aliyapika jeli, na kila Mei wapita njia walisimamisha magari kuitazama. Hapa kwetu hata mtoto anajua kwamba theluji mpya isipokanyagwa ikashindiliwa kuzunguka shina, panya hupita chini yake wakaguguna gome, mti ukafa.

Daktari alimkataza Baba kazi hiyo ya kukanyaga theluji mwaka 2021 kwa sababu ya moyo, Taras akamwambia, "Baba, wewe tulia, hiyo niachie mimi," kisha ikawa, "Wiki ijayo, Baba, huku kumebana," nami kule Winnipeg nikisema, "Si Taras yupo?" Aibu gani hii, watu wazima wawili! Tarehe 11 Januari 2024 asubuhi, Baba alivaa mabuti akatoka mwenyewe, akakanyaga theluji kwenye miti minne, akaanguka kwenye wa tano, akavunjika nyonga, mapafu yakashambuliwa na nimonia, akafariki tarehe 2 Februari.

Hospitalini aliniuliza, "Ule wa tano, nani kaumalizia?" Nikamdanganya, nikasema Taras.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa reli, na jirani yetu Bi Agatha Friesen, aliyemkuta na kumfunika kwa koti lake mwenyewe, wakati sisi wanawe hata simu hatukupiga.

Jana Taras kaniambia, "Dada, ile miti tuikate tu, nyumba iuzike upesi." Mdogo wangu, mbele ya jeneza hili nasema haikatwi, theluji imeanguka tena alfajiri, na tukitoka makaburini hatuonji hata chai mpaka tuikanyagie theluji miti yote, minne yangu, wa tano wako.

Pumzika, Baba, nilikudanganya, na leo uongo ule Taras ataufanya kweli.