Barua ya Huenda Tisa

Kijiwe chetu cha Mugoma ni gogo moja mbele ya duka la Halfani, mtu wa Pangani aliyekuja huku zamani na birika lake na maneno yake. Kahawa yake ni chungu siku zote, ila siku ile ilizidi, maana tarishi wa boma alikuwa amepita asubuhi na jibu. Serikali ilitaka watu wa kilima cha Kinyami wahame wote, kwa ajili ya mbung'o na malale, wakakae kwenye makazi mapya mbali na mashamba yao. Wazee wa Kinyami wakamchagua Mwalimu Novatus, mwenzao aliyesoma kwa mapadri, aandike barua ya maoni yao kwa Kiingereza. Alipotusomea hapa gogoni kabla ya kuipeleka, nilipiga makofi, mpumbavu mimi. Tangu jibu lilipofika asubuhi ile, jina lake likawa Huenda.

— Tusomee tena hilo jibu, Huenda, akasema Sabiti Bunduki, aliyepigana vita vya Mjerumani na mpaka leo anakaa kama yuko gwarideni.

Novatus akaifunua karatasi.

— "Kwa kuwa waandikaji wenyewe hawana hakika na wanayoyasema, amri inabaki palepale. Nyumba zote zitachomwa Jumatatu."

— Zitachomwa! Umesikia? Hakuna "huenda" hapo. Wewe uliweka ngapi?

— Tisa. Na "yaonekana" nne.

— Tisa! Kwa tisa hata mimi ningekuhamisha.

— Mmemsahau Alfonce? Novatus akapandisha sauti. Mwaka jana aliandika, "Tunajua kwamba Bwana Shauri amekosea." Akala viboko kumi na viwili kwa ufidhuli. Padri alitufundisha, Mwingereza usimsukume, mfungulie mlango aingie mwenyewe. Sema "yaonekana" hata kama umeona. Na kwetu si hivyo hivyo? Nani humwambia mwami amekosea? Unasema, "Mwami, huenda macho yangu ndiyo mabovu."

— Mwami anajua kuwa macho yako ni mazima, nikamwambia. Huyu Bwana Shauri wa boma ameamini kweli ni mabovu.

Halfani akammiminia kikombe, akamtetea kwa namna yake.

— Mwacheni. Kosa ni la ukungu. Kwao Ulaya kuna ukungu hata ndani ya nyumba. Mtu hamwoni mkewe upande wa pili wa meza, ndiyo maana anasema, "Yaonekana umepika." Lugha yote imezaliwa humo.

— Uongo mtupu, akasema Sabiti. Kulikuwa na afisa wetu Mwingereza, alisema, "Nadhani tusogee mbele kidogo." Tukasogea, wakafa watu arobaini. "Nadhani" ya mwenye bunduki ni amri. Ya mwenye jembe ni kukubali.

— Basi sikilizeni hii, akasema Halfani. Nasikia bwana mmoja wa kwao, siku ya kuposa, hakusema nampenda. Alisema, "Kwa maoni yangu, binti huyu si mbaya sana." Akapewa mke na ng'ombe juu!

— Kwao hawatoi ng'ombe, akasema Sabiti.

— Huenda. Lakini wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja, sasa ninyi mhame mpone.

Hakuna aliyecheka. Halfani mwenyewe akainamia birika lake. Nilimchukia kidogo, kisha nikajichukia mimi, kwa yale makofi.

Ndipo akafika Theodosia, mama wa Kinyami, jembe begani na miguu imejaa vumbi la njia nzima. Novatus akasimama kumpisha.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Keti tu. Nimesikia barua yako iliyataja makaburi yetu.

— Niliyataja, mama. Ndiyo hoja niliyoanza nayo.

— Ulisemaje?

Novatus akatutazama sisi, akatazama chini. Nakala ilikuwa mfukoni mwake. Akaitoa, akatafsiri polepole.

— "Yaonekana huenda baadhi ya watu wamezikwa katika migomba hiyo."

Theodosia akaliteremsha jembe.

— Ni adabu ya Kiingereza, mama. Habari za mbung'o hatukuwa na hakika nazo, kwa hiyo nikaona barua yote...

— Mbung'o mimi siwajui. Mimi nilimzika mume wangu Nahimana mgombani, na wanangu wawili kando yake. Nyumba yako na yangu zinatazamana, mwalimu. Mara zote tatu ulikuja, ukashika jembe, ukachimba. Katika hao watatu, ni yupi uliyekuwa huna hakika naye?

Sabiti Bunduki akavua kofia. Halfani akaliinua birika ammiminie mama wa watu, likatoa machicha matupu, na hakuna aliyemwambia apike jingine.