Koplo Aliyekunja Miavuli Elfu Kumi na Moja

"Babu, katika miavuli yote uliyokunja, upo hata mmoja ambao haukufunguka?"

Marehemu aliulizwa swali hilo mwezi Machi mwaka 2016 na mjukuu wake wa darasa la pili, na wakati anaulizwa alikuwa ananing'inia. Alikuwa amejifunga mkanda wa usalama alioushona asubuhi ile ile, ameunasa kwenye boriti ya chuma ya karakana yake, miguu haigusi sakafu, miwani puani, anasoma gazeti. Ndivyo alivyojaribu kila mkanda kabla haujatoka mlangoni. Dakika kumi, hazipungui. Wateja walishazoea. Mtu aliingia, akasema, "Shikamoo Koplo," naye akajibu kutoka juu, "Marahaba, kaa hapo kwenye benchi, zimebaki nne."

Swali halikujibiwa. Koplo alilikunja gazeti, akauliza, "Hesabu za shule umemaliza?" Mjukuu akasema bado. "Basi." Bibi, aliyekuwa mezani anakata turubai, aliweka mkasi chini akatoka uani. Mjukuu akajua amegusa pabaya, ila hakujua ni wapi.

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimjua kwa jina moja tu la Koplo, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1951, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi wa reli na mshona magodoro. Walikaa kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyotikisika kila treni ilipopita, mpaka vikombe vikahama mezani. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba watoto wake wote walizaliwa wakilia, isipokuwa huyu. Huyu alitazama kwanza, ndipo akalia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, kisha sekondari hadi 1970. Ripoti zake zipo mpaka leo, na mwalimu mmoja aliandika kwa wino mwekundu: "Mpole. Ila kila kitu anataka kujua kimefungwaje." Hilo lilikuwa na sababu. Akiwa darasa la sita alifumua mpira wa shule siku moja kabla ya mechi, aone ulivyoshonwa ndani. Mwalimu wa michezo nusura azimie. Mtoto akamwomba sindano ya magunia, akaketi chini, akaushona upya kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Mpira ule ulichezwa miaka miwili zaidi. Viboko alivipata vile vile.

Tarehe 11 Januari 1971 alijiunga na jeshi. Alitaka kuwa dereva. Mkufunzi akamshika viganja, akavigeuza huku na huku kama anayenunua viazi, akasema, "Mikono hii haitaki usukani, inataka kitambaa. Nenda chumba cha miavuli." Hivyo ndivyo Koplo alivyoingia kwenye kazi ambayo wengi wetu hatukujua kama ipo: kukunja miavuli ya askari wanaoruka kutoka kwenye ndege.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu kama ukumbi wa mitihani, na kimya kuliko ukumbi wa mitihani. Meza za mita kumi na mbili. Kila mwavuli una kamba ishirini na nane, na kila kamba ina mahali pake. Aliyekunja aliandika jina lake kwenye kadi ndogo, ikaingia mfukoni mwa mwavuli ule. Halafu kulikuwa na amri moja ambayo, ukiisikia mara ya kwanza, unaomba urudiwe. Asubuhi yoyote ofisa aliweza kufungua mlango, akamnyooshea mkunjaji kidole na kusema, "Wewe. Chukua mmoja uliokunja jana, ndege inakusubiri." Hakuna kuuliza, hakuna kukagua tena. Mpishi akizidisha chumvi huonja akacheka. Kwa mkunja miavuli, kuonja ni huko huko juu.

Katika miaka ishirini na mbili marehemu alikunja zaidi ya miavuli elfu kumi na moja. Ukichukua askari mmoja kwa kila mwavuli na kuwapanga mstari mmoja, mwanzo wa mstari ungekuwa hapa kaburini na mwisho wake usingeonekana. Yeye mwenyewe aliruka mara arobaini na sita.

Meza ya nyuma yake ilikuwa ya msichana mmoja mrefu, mwepesi wa vidole, ambaye leo ni mjane wake. Kuongea kazini kulikatazwa, kwa hiyo uchumba ulikwenda kimya kimya. Bibi husema, "Miaka miwili nilimwona kisogo tu. Nikakubali kisogo, uso ukaja baadaye." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 23 Agosti 1980, wakajaliwa watoto wanne. Mama zetu na baba zetu sisi wajukuu wanasimulia kwamba nepi zao zilikunjwa pembe kwa pembe, na ole wake aliyechomoa ya katikati.

Alistaafu tarehe 30 Juni 1993. Februari mwaka uliofuata alikodi chumba kilichokuwa cha kinyozi, kioo kikubwa bado kiko ukutani, akaingiza cherehani moja ya kushonea vitu vizito. Juu ya mlango akaandika: KOPLO. TUNASHONA, TUNAJARIBU. Alianza na mabegi ya shule na maturubai ya malori. Baadaye mafundi wa nguzo za umeme na wapaka rangi wa maghorofa wakamjua kwa mikanda ya usalama, na kazi ikaongezeka mpaka akaajiri washonaji watatu. Akiwa anashona hakuongea. Mwenye maneno mengi aliwekewa kigoda nje. Mstaafu mmoja wa posta alikikalia kigoda hicho miaka kumi na minane, na walikuwa marafiki wakubwa.

Mwaka ule wa 2016 ukazuka uvumi. Maneno hayana miguu lakini hufika. Ikasemwa kwamba Koplo alitoka jeshini kwa sababu askari mmoja alikufa na mwavuli aliokunja yeye. Ikasemwa sokoni, ikasemwa kwenye majengo, ikafika mpaka shuleni, ambako mjukuu aliambiwa na mwenzake wa dawati moja, "Babu yako aliua mtu." Ndipo akaenda kuuliza swali lile. Mjukuu huyo alikuwa anavaa begi la babu yake kila siku, na alitaka jambo moja tu: ajue kama anaweza kumjibu mwenzake.

Ndani ya mwezi mmoja mikanda haikununuliwa tena. Washonaji watatu wakawa wanafika asubuhi na kukaa. Ijumaa moja msimamizi wa ujenzi wa ghorofa lile la mwisho wa mtaa akaja na mikanda kumi na tisa begani.

"Koplo, nakuheshimu kama baba yangu," alisema. "Lakini vijana wamegoma. Hawaivai."

"Wanasemaje?"

"Unajua wanavyosema. Lisemwalo lipo, ndivyo wanavyonijibu. Mzee wangu, nitamkie tu kwamba ni uongo, mimi nikawaambie, yaishe."

Mjukuu alikuwa nyuma ya mlango, anaomba moyoni: sema ni uongo, Babu, sema ni uongo. Koplo hakusema.

"Chagua mmoja," alisema.

"Upi?"

"Wowote. Chagua wewe, isije ikasemwa nimejichagulia."

Wakatoka wote, msimamizi mbele na Koplo nyuma, mkanda mkononi. Alipanda ngazi za zege hadi ghorofa ya nne, akapumzika mara moja tu. Alikuwa na miaka sitini na tano. Akajifunga, akanasa ndoano kwenye nguzo, akageuza mgongo kwenye uwazi, akajiachia nje. Mikono yote miwili akaitandaza hewani. Chini, mafundi walisimama vinywa wazi, na kuna aliyeziba macho.

"Mzee, inatosha!" msimamizi alilia. "Nimeona, inatosha!"

"Hazijafika kumi."

"Koplo, nakuomba! Mkeo ataniua!"

Ikapita kama dakika mbili zaidi, kisha fundi rangi mmoja akapaza sauti kutoka chini, "Mzee, tukuletee gazeti?"

"Leteni," Koplo akajibu. "Lakini liwe la leo."

Mtaa mzima ulivunjika mbavu. Jumatatu mikanda kumi na tisa ilikuwa viunoni mwa watu, na wiki hiyo cherehani zote zililia. Mjukuu alirudi darasani kifua mbele, akasimulia mpaka mwalimu akamkalisha. Lakini neno moja lilibaki limemkwama: mbele ya watu wote, hata alipoombwa, babu yake hakusema kwamba ni uongo. Na Koplo alikuwa mtu asiyesema uongo hata kwa mkusanya bili.

Mwezi Agosti mwaka 2022 vidole vyake vilianza kutetemeka. Siku alipojaribu mara tatu kutunga uzi na kushindwa, hakungoja kuambiwa. Aliinuka, akamkalisha binti yake wa pili kwenye cherehani ile ya kwanza, akasema, "Mkono usiotulia usishone kinachomshika mtu." Tangu siku hiyo hakushona tena mkanda, ingawa aliendelea kuijaribu mikanda mpaka daktari wa moyo alipopiga marufuku. Mwaka huu moyo ulizidi kuchoka, akalazwa mara tatu. Wodini alimsumbua muuguzi kuhusu mashuka. "Babu, hapa si jeshini," muuguzi alimwambia. "Naona," akajibu, "ndiyo maana shuka linakimbia kitanda." Kesho yake muuguzi huyo alikuja mwenyewe kumwomba amwonyeshe mkunjo wa pembe. Yupo hapa leo, tunamshukuru.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 12 Septemba 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, dada yake mdogo, washonaji watatu aliowaita wanangu, na rafiki yake wa kwenye kigoda. Mungu ampokee taratibu, amshushe mahali penye utulivu.

Limebaki jambo moja, ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisomwe mwisho, mbele ya mafundi, mbele ya majirani na mbele ya yeyote aliyewahi kusema au kuogopa kuuliza. Mwezi Julai, mjukuu akiwa kando ya kitanda chake hospitalini, Koplo alimwambia, "Uliwahi kuniuliza swali, nami nikakuuliza hesabu." Akamtazama Bibi. Bibi akasema, "Mwambie, baba. Umelibeba sana." Naye akasema hivi:

"Upo. Mmoja. Tunapokunja tunaweka vifuko vidogo vya mchanga juu ya kitambaa kisiteleze. Vinaingia saba, vinatoka saba. Tarehe 9 Mei 1979 nilitoa sita, nikahesabu saba. Kesho yake ofisa akafungua mlango, akaninyooshea kidole mimi. Nikachukua wa kwanza mkono ulipogusa. Kule juu ukatoka umesokotwa kama nguo iliyokamuliwa. Ule mdogo wa akiba ndio ulionishusha, nikavunjika mguu. Nimelala pale majanini, nikakiona kifuko ndani ya mkunjo. Wakubwa walikuwa wameshaandika kwamba ni upepo. Nilipoweza kusimama nikakipeleka mwenyewe. Wakanivua cheo, nikafagia chumba kile mwaka mzima kabla ya kurudishiwa meza. Hakuna aliyekufa. Lakini ningesema ni uongo, ningedanganya, maana mwavuli ulikuwepo. Na ningesema upo, nani angengoja nimalize? Sasa sikiliza, mjukuu wangu. Siku ile nilikunja miavuli kumi na miwili. Kumi na mmoja ilivaliwa na vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini, wana mama zao nyumbani. Usinionee huruma. Kila asubuhi tangu siku hiyo, kabla sijavaa viatu, namshukuru Mungu kwamba aliyeuvaa ule mmoja alikuwa ni mimi."