Pete Niliyoifunga Uzi

Je, nikianguka peke yangu kwenye kile kilima, nani atamwambia mama? Swali hilo, wanajumuiya wenzangu, lilininyima usingizi wiki tatu. Leo mnaniona nimerudi likizo nimenenepa kidogo, lakini mwezi wa saba nilikuwa mtu wa kukaa mkekani na kusikiliza kifua changu.

Wengi mnajua nilimaliza chuo nikakaa hapa Msamala kusubiri ajira. Kaka yangu aliniletea zawadi ya mahafali, pete inayopima mapigo ya moyo. Kwa ndani ina vitaa vidogo vinavyomulika ngozi, halafu namba inatokea kwenye simu. Alikuwa ameninunulia ya kidole cha pete, mkono wa kushoto, ikakaa sawasawa.

Sasa ninyi wenyewe ndio mlioniponza. Yupo mama mmoja hapa, naona ameshaanza kuinama. Jumapili ya kwanza tu, mlangoni pa kanisa, akanishika mkono.

"Heee, binti! Umechumbiwa kimyakimya? Mahari tumekula lini?"

"Shikamoo mama. Hii ni ya kupimia moyo."

"Marahaba. Hao wachumba nao ndio wanaanzaga hivyohivyo, na moyo!"

Watu wakacheka, nikaona aibu mpaka masikio. Nikaihamishia kidole cha mwisho. Huko ikapwaya, ikawa inaanguka kwenye ndoo. Nikafanya wanavyofanya mama zetu wote pete ikipwaya. Nikaizungushia uzi wa cherehani upande wa kiganja, nikaongeza, nikaongeza, mpaka ikabana.

Kesho yake namba zikapata wazimu. Nimekaa tu, mia na hamsini. Nimeinuka kuchota maji, arobaini na moja. Nikipukuchua mahindi na mama, mia na sabini. Ndugu zangu, mimi nimesomea takwimu. Nilichora grafu daftari zima. Nilishuku moyo, nikashuku damu, nikashuku hata dagaa wa Nyasa niliokula Jumatano. Pete sikuishuku hata mara moja.

Wakati huohuo jina langu likatoka: mwalimu wa hesabu, shule ya milimani huko Mbinga. Niripoti Jumatatu, na fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari. Badala ya kupiga vigelegele nilitazama simu. Mia na sitini na tatu. Nikawaza, nikipimwa wataandika sifai, na kazi imekwenda. Nisipopimwa, kilima cha shule kitaniua. Nikaficha fomu chini ya godoro, nikamwambia mama bado hawajaita.

Ijumaa mama akatoa magodoro kuyaanika juani. Akatoka uani na fomu mkononi.

"Hii ni nini?"

"Mama, moyo wangu ni mbovu."

"Nani kasema?"

Nikamnyooshea simu. Hakuitazama. Alinitazama mimi.

"Baba yako naye aliogopa kupimwa," akasema. "Vaa viatu."

Tulikwenda zahanati moja kule Majengo. Nesi mtu mzima akanisikiliza bila kuniharakisha. Akaweka vidole viwili chini ya kidole gumba changu, pale kwenye mshipa, akaelekeza macho kwenye saa ya ukutani.

"Usiongee."

Dakika ile nawaambia ilikuwa ndefu kuliko mwaka wa mwisho wa chuo. Mama yuko mlangoni, amekunja khanga mkononi. Midomo ya nesi inahesabu bila sauti. Simu yangu inasema mia na arobaini na nane.

"Themanini na sita," akasema. "Tena umeogopa."

"Lakini pete inasema..."

"Ivue."

Akaigeuza, akauona uzi, akacheka mpaka akaegemea meza. "Mdogo wangu! Umeifunga macho, halafu unaiuliza inaona nini?"

Akaukata uzi kwa mkasi. Akaniambia niirudishe kidole inachokienea, vitaa vielekee kiganjani. Nipashe mikono joto kwanza, maana kwa baridi yetu hii damu huwa haba vidoleni. Nitulie dakika chache. Nisipime nikipukuchua, kwa sababu pete huweza kuhesabu mtikisiko wa mkono ikadhani ni moyo.

"Ikikushangaza, hesabu mwenyewe dakika nzima. Ila kifua kikikubana, au ukizimia, njoo kwetu. Usiiulize pete."

Tukajaribu. Pete themanini na moja, yeye themanini.

Daktari naye akanipima presha, akasikiliza kifua, akauliza habari za baba, akajaza fomu: ninafaa. Niwe mkweli, nje kwenye benchi nilianza kuwaza labda nesi kakosea kuhesabu. Nikajihesabu. Mama akanipiga kofi mkononi, "Acha!"

Namshukuru mama aliyetandua godoro. Namshukuru yule nesi kwa dakika yake moja nzima. Nanyi mlionitania, nawashukuru pia, nimeshawasamehe. Kipimo kikikutisha, kikague, kisha mpelekee anayejua. Mimi nilikaa na hofu wiki tatu, na jibu lilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Jumatatu nilipanda basi la Mbinga. Niliposhuka, kilima kilikuwa mbele yangu. Niliizima simu nikaitia ndani kabisa ya begi, nikapanda. Nilipumzika mara mbili, nikafika ofisini nahema, nikamkabidhi mkuu wa shule fomu kwa mikono miwili.

"Karibu mwalimu," akasema. "Kidato cha pili wanakusubiri."

Nikaenda kuwafundisha.