Mzee Kijiti na Chemba ya Mafuta

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake na marehemu: tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 16 Septemba 2023, wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Kijiti. Alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi mwashi na mkunga. Mama alisimulia kwamba siku hiyo mvua ilinyesha, mtaro ukaziba, na baba alipata habari ya mtoto akiwa nje na jembe mkononi. Ndiyo maana, mama alisema, huyu hakuweza kuona maji yamesimama akanyamaza.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1968 katika shule iliyokuwa nyuma ya ghala la nafaka, akamaliza la saba mwaka 1974. Hesabu alizimudu, hasa vipimo. Nafasi ya kuendelea haikupatikana, na jambo hilo lilimkaa moyoni ingawa hakulisema mara nyingi. Mwaka 1976 alikwenda kwa mjomba wake aliyekuwa fundi bomba, akajifunza kazi kwa miaka minane.

Tarehe 1 Julai 1984 aliajiriwa na hospitali, idara ya matengenezo. Huko alikabidhiwa chemba ya mafuta, lile shimo la zege lenye mfuniko wa chuma nyuma ya jiko. Wengi walidhani ni la choo. Yeye alimweleza kila aliyesimama karibu, hata asiyeuliza: maji ya kuoshea vyombo yanaingia upande huu, yanatulia, yanapoa. Mafuta yanaelea juu, makombo yanazama chini, na maji ya katikati peke yake ndiyo yanayotoka upande wa pili kwenda kwenye bomba kubwa la maji taka.

"Chemba haili mafuta," alikuwa akisema. "Inayashika tu. Mikono ikishajaa, itashika na nini?"

Kijiti chenyewe, alichopimia chemba na kilichompa jina, kilikuwa mpini wa ufagio. Chemba ilikuwa na kina cha shubiri nne, naye akachonga alama kwenye shubiri ya kwanza. Mafuta ya juu na matope ya chini yakijumlishwa yakafika kwenye alama, siku hiyo hiyo chemba ilichotwa na kuta zikakwanguliwa. Yakizidi hapo, maji hayapati nafasi ya kutulia. Yanapita na mafuta yake, na mafuta yanaganda mbele, ndani ya bomba, kama mshumaa. Kwa jiko lile ilikuwa kila baada ya wiki mbili, bila kukosa.

Kilichomchosha hakikuwa harufu. Ilikuwa karatasi iliyobandikwa ukutani, ambayo safu yake ya mwisho iliandikwa "Imeangaliwa." Akiwa likizo, watu walifunua mfuniko, wakaangalia, wakaweka tiki. Alikwenda kwa msimamizi.

"Bosi, naomba neno hili libadilishwe. Liwe 'Imepimwa', na mtu aandike namba."

"Mzee, si ni yale yale tu?"

"Mimi nikikuangalia hapo ulipokaa, nitajua una kilo ngapi?"

Msimamizi alicheka, akaahidi. Aliahidi mwaka 2009, akaahidi tena mwaka 2013. Aliyekuja baada yake naye aliahidi. Wakati huo wengine walikuwa wakimwaga humo maji ya moto na sabuni tele, wakijua wamesafisha, kumbe wameyayeyusha tu mafuta yakagande mbele, mahali ambapo mkono haufiki. Alistaafu Machi 2021. Juni mwaka huo huo maji machafu yalipanda jikoni, na wagonjwa wakala chakula cha mchana saa kumi. Karatasi ilikuwa na tiki zote, hakuna iliyokosekana. Wakamwita arudi kwa mkataba. Alirudi, akinung'unika njia nzima.

Jumamosi tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za wauguzi, na wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja. Mwaka wao wa kwanza, mkewe alimwaga mafuta ya kukaangia kwenye sinki.

"Mke wangu, umemwaga nini hapo?"

"Mafuta. Kwani nimemwaga dhahabu?"

"Dhahabu haigandi kwenye bomba."

Kesho yake alileta kopo tupu la kumwagia mafuta, akaliweka kando ya jiko. Mpaka leo kuna kopo pale. Mkewe naye alikuwa na sheria yake: mume haingii ndani kabla ya kuoga uani kwa ndimu. Walitunziana sheria hizo miaka thelathini na saba.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kuumwa tumbo. Tarehe 21 Agosti alilazwa katika hospitali ile ile, na madaktari wakakuta uvimbe kwenye ini. Wodi ilikuwa ghorofani, na dirisha lake lilielekea nyuma ya jiko. Tarehe 30 alimwita muuguzi.

"Mwanangu, chemba imepita alama. Naisikia harufu."

Muuguzi alidhani homa imempanda, akampima joto. Halikuwa limepanda.

"Mimi mnanipima kila saa," alisema. "Nendeni mkapime ile."

Mpishi mkuu, tunayemwita Mama Sufuria, alipanda kumwona.

"Mmepima?"

"Tumepima, mzee wangu. Tulia."

"Ngapi?"

Mama Sufuria alianza kumnyooshea shuka. Alikuwa ameona tiki kwenye karatasi, basi. Mzee Kijiti akageukia ukutani. Siku zilizofuata aliwauliza watoto wake, akamuuliza na mdogo wake. Wote walimjibu vizuri ili asisumbuke, na hakuna aliyekuwa na namba. Alifariki Jumanne tarehe 12 Septemba, saa nne asubuhi, dirisha likiwa limefungwa kwa sababu ya harufu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja, na mdogo wake anayesoma wasifu huu.

Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, Mama Sufuria alikichukua kijiti nyuma ya mlango wa jiko, akafungua mfuniko, akapima mwenyewe. Zimechotwa ndoo kumi na moja. Neno kwenye karatasi lilikuwa bado lile lile. Amelikata kwa kalamu, akaandika namba, na ameomba ujumbe wake usomwe mbele ya jeneza:

"Mzee wangu, siku ile nilikudanganya. Leo ni shubiri mbili na vidole vitatu. Ilikuwa imepita alama, kama ulivyosema."

Kaka, umejibiwa. Sasa pumzika kwa amani.