Bunduki ya Kwanza ya Keely

Kwenye basi la kwenda mji wa Dubbo, binti aitwaye Keely alikuwa akimweleza mzee asiyemjua kuwa anakwenda kununua bunduki yake ya kwanza, ya marisau, maana mbweha wanawamaliza wanakondoo wao. "Usichague kwa macho," mzee akasema. "Iweke begani, kitako kikikaa vizuri, ndiyo yako. Ufunguo wa kabati la kufungia bunduki atakaa nao nani?"

"Baba."

"Na ukame huu, anapata usingizi?"

Keely akamgeukia. Nami niliyeketi nyuma yao nikaacha kutafuna mkate wangu. "Mzee, baba yangu unamjulia wapi?" Keely akauliza.

"Simjui. Namjua kaka yangu, aliyejipiga risasi ukame uliopita, tukamzika; ufunguo alikuwa nao yeye. Ufunguo kaa nao wewe."

"Nimnyime baba ufunguo nyumbani kwake? Atakasirika!"

"Mwache akasirike."

"Wewe huishi naye!"

Basi likasimama Dubbo. Tulishuka wote, isipokuwa wao wawili, waliobaki kitini wakibishana.